Michirizi ya Mirihi: maji au mchanga?

Itazame picha ya ukuta wa kreta (shimo kubwa la mgongano) ya Palikir, kwenye sayari ya Mirihi. Kwenye miamba ya juu inaanzia michirizi myeusi, yenye upana usiozidi mita tano, ikiteremka mamia ya mita. Msimu wa joto inarefuka, baridi ikirudi inafifia, na mwaka unaofuata inatokea tena. Mwonyeshe mtu yeyote aliyewahi kuishi na ukuta unaovuja, atakwambia hayo ni maji.

Ndivyo walivyodhani wengi tangu 2011, michirizi hiyo ilipotangazwa na wanasayansi wa HiRISE, kamera iliyomo kwenye Mars Reconnaissance Orbiter, chombo cha NASA kinachoizunguka Mirihi. Hoja yao haikuwa dhaifu. Maji ya chumvi huganda kwa shida, na mwaka 2015 NASA ikatangaza kwamba kifaa kingine cha chombo hichohicho kimenasa dalili za chumvi zilizoshika maji. Magazeti yakaandika maji yamepatikana. Kilichonaswa ni chumvi! Tena pikseli moja (nukta moja ya picha) ya kifaa kile hufunika kama mita 18, mchirizi wenyewe hauzijazi. Baadaye ikabainika kwamba uchakataji wa data zake unaweza kuzusha alama ya perklorati, aina mojawapo ya chumvi hizo, mahali ambapo haipo.

Mwaka 2017 mtafiti Colin Dundas na wenzake wakaacha kuchunguza rangi, wakapima mteremko. Michirizi 151, maeneo 10: karibu yote iko penye mwinamo unaozidi nyuzi 27, na hukoma pale unapolegea. Maji yangeendelea hadi bondeni. Mchanga ndio wenye tabia hiyo. Tipa likimwaga mchanga saiti, fungu hujisimamisha lenyewe. Tupia koleo moja juu, chembe zinaporomoka kidogo, kisha zinatulia ubavuni.

Mimi naegemea mchanga. Ila nao una deni: kwa nini usubiri joto? Huenda vumbi linahusika, maana baada ya dhoruba ya vumbi ya 2018 iliyoifunika sayari nzima, michirizi iliongezeka mno. Na wenye kutetea maji wamebaki na kichochoro kimoja ambacho sikioni kuwa cha kupuuzwa. Chombo chenye kamera ya HiRISE hupita juu ya kila eneo alasiri, kama saa tisa kwa saa za huko. Unyevu wowote wa alfajiri ungekuwa umeshakauka kamera ikifika.