Tokeni Zote Zimeisha

Mimi nilikuwa najua tokeni moja tu duniani: ya stima. Unanunua ya mia mbili, unabonyeza tarakimu 20 kwenye mita huku ukiomba Mungu usikosee ile ya 19. Kumbe hawa wasaidizi wa akili bandia nao wanakula tokeni! Kila unachoandika kinakatwakatwa vipande kama sukuma wiki, kila kipande kinahesabiwa. Ukimwambia "asante sana ndugu yangu", umelipia adabu.

Chanzo ni chama chetu hapa Umoja. Mimi ndiye katibu, kwa kosa la kumiliki laptopu. Kijana wa jirani akanicheka: "Mzee, bado unahesabu michango kwa kalamu? Mwambie AI akuandikie programu." Nikamwambia. Dakika mbili, programu hiyo hapo, safi kama sare ya Jumatatu. Naiendesha, inaniambia mwanachama anayeongoza kwa michango ni John Doe. John Doe! Umoja hatujawahi kumwona, hata kwenye matanga. Namuuliza msaidizi, ananijibu kwa upole wa karani anayekaribia kwenda lanchi: samahani, hiyo ilikuwa mifano tu, faili lako silioni.

Kijana akasema dawa ni MCP (Model Context Protocol), itifaki, yaani utaratibu wa kuunganisha AI na data, iliyotoka Novemba 2024. Unaweka seva ndogo kwenye mashine yako, msaidizi anapitia hapo kusoma data. "Lakini mzee, mfungulie chumba kimoja tu." Chumba kimoja! Mimi na uvivu wangu nikamfungulia nyumba nzima, folda zote.

Akasoma. Wacha, alisoma! Michango, faini, mpaka barua ya kumbembeleza mwenye nyumba niliyoandika mwezi wa tatu. Ripoti ikatoka na jedwali la kupendeza, nami kwa kiburi nikaituma kwenye kikundi cha WhatsApp bila kuisoma. Mstari wa kwanza: "Mwenye malimbikizo makubwa zaidi ni Katibu, miezi minne. Huenda anasumbuliwa na kodi ya nyumba."

Mweka hazina akajibu kwa sauti, namsikia anavyozuia kicheko: "Katibu, hiyo mashine yako iko na akili. Iambie sasa ipige na faini."

Nikakimbilia kufuta. Papo hapo giza, Wi-Fi nayo ikaenda. Nikamulika mita kwa simu: 0.00. Na watu wote wa kunikopesha mia mbili ya tokeni wako kwenye kile kikundi.