Shilingi ni jina letu, msitutafutie jingine

Nyie mnaotafuta jina la sarafu moja ya Afrika Mashariki, nina neno. Juzi nilikuwa kwenye mkahawa hapa Vienna na bibi jirani yangu, ana miaka themanini na kitu, bili ikaja, kahawa moja euro 4 na senti 50, akakunja uso akasema "shilingi sitini na mbili kwa kahawa!" Jamani nilishtuka. Mzungu kabisa, tena mzee, anatamka shilingi kama niko gengeni Muheza namsikiliza mama mmoja akilalamikia bei ya nyanya.

Kumbe Austria nao walikuwa na shilingi, tangu 1925 ukitoa miaka ya Hitler, mpaka noti za euro zilipoingia mkononi 2002, na euro moja ilipangwa kuwa shilingi 13.7603, wazee bado wanapigia hesabu humo. Tuliporudi akanipa moja, ndogo, ina maua matatu ya milimani. Nikaiweka kwenye kiganja nikamkumbuka bibi yangu mimi.

Bibi alikuwa na senti kumi ya tundu katikati, ya 1964, haina taji la mfalme, imeandikwa East Africa. Aliifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela za matumizi, haikununua kitu tena lakini hakukubali kuitoa. Utotoni nilidhani ni ya Tanzania. Kumbe ilikuwa ya wote, Kenya, Uganda na sisi, na Zanzibar iliingia humo 1936 ikaacha rupia yake, hata Aden huko Yemeni walitumia shilingi hiyo hiyo. Ilianza 1921 na ikaenda hivyo mpaka 1966, mwaka ambao kila nchi ilitoa ya kwake, mwanzoni thamani sawasawa moja kwa moja. Leo shilingi moja ya Kenya ni kama ishirini za kwetu.

Sasa hapo ndipo roho inaniuma. Hawa Wazungu walikuwa na majina tofauti, huyu shilingi, huyu mark, huyu faranga, huyu lira, wakayaacha yote wakashika pesa moja. Sisi tulikuwa na pesa moja, tukaikata vipande, alafu kila mtu akaondoka na jina lile lile!

Najua mtakachosema. Huyu kakaa Ulaya miaka miwili mitatu anakuja kutufundisha, keshakuwa Mzungu. Hapana bana. Mimi nalipia kodi ya nyumba hapa, uchungu wa hii euro naujua, na sisemi Ulaya ni peponi. Nasema kitu nilichokishika kwa mkono.

Na wale wa "shilingi ni jina la mkoloni", nimewasikia sana. Ni kweli lilikuja na Mwingereza, na asili yake ni lugha za Kijerumani za kale, wataalamu wenyewe wanavutana, wapo wanaolitoa kwenye neno la kukata na wapo wanaosema ni mlio wa chuma kinapogongwa. Lakini Mwingereza ameshaachana nayo tangu 1971, Austria ndio hivyo, dunia nzima waliobaki wanaita pesa yao shilingi ni sisi na Wasomali. Kwa hiyo ni ya nani? Na hiyo "hela" mnayoitamka kila siku mnadhani imetoka wapi, ni Heller ya Mjerumani, ilianza kutumika kwetu 1904, na hapa Vienna enzi za mfalme wao walikuwa nayo pia. Pesa ni ya Wahindi. Tukianza kufukuza maneno tutabaki tunaonyeshana vidole sokoni.

Itifaki ya sarafu moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala 2013, ikasemwa itaanza 2024, sasa inasemwa 2031. Na ile Machi 2024 ikazuka mitandaoni noti feki inaitwa Sheafra, Jumuiya ikakanusha, lakini mimi jina lenyewe ndilo liliniudhi. Halina mama wala baba. Nani atasimama dukani aseme nipe ya sheafra mia tano?

Kuna hoja moja tu inayonibana. Mrundi, Mnyarwanda na Mkongo wao wana faranga, kwa nini wameze shilingi yetu? Euro ilipitia humo humo. Walikuwa na jina la ecu, ni sarafu ya kale ya Ufaransa, Wajerumani wakaligomea, ndipo Madrid Desemba 1995 wakakubaliana euro, jina ambalo halikuwa la pesa ya mtu yeyote. Hilo naliheshimu. Ndugu zetu wa Bujumbura na Bukavu wakikataa shilingi, basi tukae tutafute kwa pamoja, nitaumia lakini nitakubali, bora tu iwe moja.

Maana mdogo wangu anapeleka machungwa kutoka Muheza kwenda Mombasa, kila akifika mpakani Horohoro anasimama na wale jamaa wenye mabunda, anabadilisha kwenda, anabadilisha kurudi, na kila mara kidogo kinabaki mkononi mwao. Bibi yetu alipita njia hiyo hiyo kumwona dada yake, akanunua chai Mombasa kwa senti zile zile alizotoka nazo nyumbani, zimefungwa kwenye kanga.