Majibu ya kipimo hiki nakupa bure

Kuna kipimo ambacho majibu yake naweza kukupa kabla mwanao hajatema mate kwenye kichupa. Wauzaji wanakiita kipimo cha jeni ya kasi. Rafiki yangu, fundi baiskeli wa Ngamiani hapa Tanga, alinionyesha tangazo lake kwenye simu huku akisogeza picha kwa kidole kilichojaa grisi. Unatuma mate ya mtoto ng'ambo, unalipa kwa kadi, kisha unaletewa ripoti inayosema mtoto ameumbwa kwa mbio fupi, kwa mbio ndefu au yuko katikati. Kijana wake ni winga wa timu ya mtaa, ana mbio kwelikweli. "Mwalimu, hebu nitazamie hiki kitu. Si wizi?"

Si wizi. Ingekuwa wizi ningemjibu kwa neno moja na kuendelea na safari yangu.

Jeni yenyewe ipo. Inaitwa ACTN3, imekaa kwenye kromosomu ya 11, na ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza protini iitwayo alfa-aktinini-3. Ndani ya msuli mna nyuzi nyembamba sana za protini nyingine iitwayo aktini, na msuli unapojikunja nyuzi hizo ndizo zinazovutwa. Kitu kinachovutwa lazima kiwe kimefungwa mahali, kama kamba ya ngalawa na kigingi chake, na kigingi cha aktini ndiyo hii alfa-aktinini, iliyopangika kwenye mistari ambayo wataalamu huiita mistari Z. Misuli inayoshika mifupa yetu ina aina mbili za protini hiyo. Aina ya 2 iko kwenye nyuzi zote za msuli, yaani seli zake ndefu, si zile nyuzi nyembamba za aktini. Aina ya 3 iko kwenye nyuzi za kasi peke yake, zile zinazofanya kazi winga anapomchomoka beki au mtu anaporuka kupiga kichwa.

Sasa jambo la ajabu. Mwaka 1999 watafiti wa Sydney waliokuwa na Kathryn North, ambao shughuli yao ilikuwa magonjwa ya misuli, walitangaza kwamba wapo watu wazima wenye afya tele ambao hawana kabisa alfa-aktinini-3. Herufi moja tu ya jeni imebadilika, na mahali pa 577, ambapo protini ilitakiwa iendelee kujengwa, pameandikwa amri ya kusimama. Aliyerithi nakala hiyo kwa baba na kwa mama anaishi bila protini hiyo na wala hajui. Haumwi. Aina ya 2 inamshikia nafasi. Duniani watu hao wanazidi bilioni moja.

Mwaka 2003 maabara hiyohiyo ikapima wanariadha wa juu wa Australia. Kwa watu wa kawaida waliolinganishwa nao, takriban 18 katika kila 100 hawakuwa na protini ile. Kwa wanariadha wa kasi na nguvu waliofika Olimpiki, hakupatikana hata mmoja asiye nayo. Hapo ndipo jina la "jeni ya kasi" lilipozaliwa, na biashara haikukawia. Mwaka 2008 kampuni moja ya Boulder, Colorado, ilikuwa tayari inawauzia wazazi wa Marekani kipimo cha watoto kwa dola 149.

Mimi sina ugomvi na matokeo ya Australia. Ugomvi wangu ni kuyachukua yalivyo na kuja kuyauza Tanga. Ile nakala iliyokatika ni ya kawaida Ulaya na Asia, lakini sehemu kubwa ya Afrika ni adimu. Watafiti walipopima Wakenya na Wanigeria mwaka 2007, wasio na alfa-aktinini-3 walikuwa kama mmoja katika 100, au hata asionekane. Sasa tazama ramani. Horohoro, mpakani na Kenya, iko karibu na sisi kuliko Dar es Salaam, na Wadigo wanaishi huku na huku ya mpaka. Sioni kwa nini misuli ibadilike ikishagongewa muhuri wa uhamiaji.

Kwa hiyo kusanya watoto wote wanaocheza chandimu jioni kuanzia Makorora hadi Chumbageni, wapime, na karibu kila mmoja atarudishiwa karatasi inayompongeza kwa kuwa na jeni ya kasi, walau nakala moja. Atapongezwa yule anayewaacha wote kwa mita kumi, na atapongezwa yule ambaye huwekwa golini kwa sababu hataki kukimbia. Ni biashara tamu, lazima nikiri. Mteja hakosi furaha, na hakuna atakayerudi kudai hela yake.

Jamaika wanaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Wakimbiaji wao wa mbio fupi walilinganishwa na Wajamaika wa kawaida, na kwa jeni hii tofauti haikuonekana. Wanaouza samaki sokoni wanayo, na wanaokwenda Olimpiki wanayo. Kitu walicho nacho karibu wote hakiwezi kukuambia nani ni nani. Na ukigeukia mbio ndefu, ambazo ripoti humpangia asiye na protini hiyo, mambo yanazidi kuvurugika: Ethiopia wasio na protini hiyo walikuwa 11 katika 100, Kenya mmoja tu, na nchi zote mbili zinatoa mabingwa wa maratoni mpaka wengine tumechoka kuwapigia makofi. Sisi wenyewe Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, na Alphonce Simbu akatwaa ubingwa wa dunia wa maratoni kule Tokyo mwaka 2025. Hizo zote si mbio za kuchomoka.

Hata huko Ulaya kipimo hakibebi mzigo kinaobebeshwa. Yuko mruka chini wa Hispania aliyefika Olimpiki bila alfa-aktinini-3 mwilini mwake. Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa tiba ya michezo liliandika bila kupepesa macho kwamba mtoto asipimwe jeni kwa ajili ya kutafutiwa kipaji. 

Fundi wangu hakuridhika. "Basi nitamjuaje?" Nikamwambia apime mita 30 kwa hatua pale uwanjani, achukue saa ya simu, amkimbize mtoto na wenzake wa rika lake, arudie baada ya miezi kadhaa. Kasi inapimwa kwa kukimbia. Na awe mwangalifu na watoto wa miaka kumi na miwili: aliyebalehe mapema atawashinda wenzake wote mwaka huu, halafu wamfikie. Makocha wetu wanaowachuja watoto kwa vifua na urefu wanapoteza vipaji vingi kuliko jeni yoyote, na hao hawahitaji maabara ili wabadilike.

Hata kwa bei ile ya 2008, dola 149 kwa hela yetu ya leo ni laki tatu na ushee. Kwa watoto wanaocheza pekupeku, hizo ni njumu za wachezaji kadhaa, hata ukinunua za mtumba. Tena kuna mate ya mtoto yaliyokaa kwenye jokofu la mtu usiyemjua, yakiwa na taarifa zake zote za kurithi, ambazo hana namna ya kuzibadilisha akikua. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ningependa kumwona mzazi wa Ngamiani akiitumia kudai haki yake hadi ng'ambo.

Muuzaji akitaka nimheshimu, aandike kwenye tangazo lake, kwa herufi kubwa kama alizoandikia bei, ni watoto wangapi katika 100 wa ukanda wetu huu atakaowapa jibu tofauti na wenzao. Akishaandika, wazazi waamue wenyewe kama watalipa.