Skana ya meno: picha nzuri haitoshi kumpasisha mwanafunzi

Je, wanafunzi wa udaktari wa meno wafundishwe skana ya kinywani, yaani kamera ndogo inayonakili umbo la meno kwenye kompyuta, tangu wanapochonga meno ya plastiki maabarani, au wasubiri mpaka mikono yao izoee trei na alijineti, ule uji mzito unaogandia menoni na kuchukua umbo lake? Kwetu magharibi mwa Kenya suala hili liko karibu. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kinafundisha madaktari wa meno, na wahitimu wake ndio tunaowatarajia Kisumu, Kakamega, Busia na Nakuru.

Wanaotaka skana ianze mapema wana hoja za kweli. Alijineti hunywea ikikauka. Isipomiminiwa plasta upesi, meno bandia yanakuja hayakai. Kipimo cha mgonjwa wa Siaya kikipelekwa kwa fundi wa meno Nairobi kwa basi, hali yake kikifika ni bahati nasibu. Faili halinywei njiani. Lakini kwangu hoja iliyo nzito kupita zote ni ya darasani: mwanafunzi anaona ukingo wa jino alilochonga ukiwa umekuzwa kwenye skrini, papo hapo, na kuparuza kwake kote kunaonekana. Kwa plasta angengoja mkufunzi amwambie baadaye.

Wanaosita nao wasidharauliwe. Bei ya skana mara nyingi hupita shilingi milioni moja, na hospitali nyingi za kaunti ndogo zitaendelea kutumia alijineti kwa miaka. Daktari asiyejua kuichanganya vizuri atakuwa mzigo huko.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linalonishughulisha zaidi. Skana haipigi taya zima kwa mara moja. Inapiga vipande vidogo vingi, kisha programu inaviunganisha, kama mkeka unaoshonwa ukili kwa ukili: mshono wa kwanza ukienda upande, mkeka wote unapinda. Kwa jino moja au mawili kosa huwa dogo sana. Kwa taya zima, toka gego la mwisho kulia hadi la kushoto, linaweza kupita mikromita 100 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita).

Sasa tazama vinywa vya huku. Nakuru na sehemu za Bonde la Ufa zina maji ya visima yenye floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidiwe. Vijana waliokua wakinywa maji hayo wana meno ya kahawia, na baadhi yao hutaka yafunikwe. Kwa meno machache ya mbele kama hayo, skana inafanya kazi nzuri mno. Nenda Kisumu, ukutane na mzee wa Kiluo aliyeng'olewa meno sita ya mbele ya taya la chini kwa desturi ya zamani. Pale katikati ni ufizi mtupu, laini, uliolowa mate. Programu hutafuta kona na mabonde ya kujishikiza, na hapo haipati. Mwanafunzi asiyeonywa atapitisha kamera harakaharaka, programu itaziba mapengo kwa kukisia, na picha itakayotokea itapendeza macho.

Ndiyo maana nasema skana ianze mapema, lakini isihesabiwe kuwa somo limeeleweka kwa sababu tu picha imekamilika. Usahihi una pande mbili: kukaribia umbo halisi, na kupata jibu lilelile ukirudia. Yote mawili hupimika. Kielelezo cha taya hupimwa kwanza kwa skana ya mezani, kisha kazi ya mwanafunzi hulazwa juu yake kwenye kompyuta, na rangi zinaonyesha alipokosea. McLean na von Fraunhofer walipendekeza mwaka 1971 kwamba mwanya kwenye ukingo wa taji, yaani kifuniko bandia cha jino, usizidi mikromita 120, na kiwango hicho bado kinatajwa sana. Mwanya huo hukusanya makosa ya hatua zote hadi kwa fundi, kwa hiyo kosa la skana peke yake halina ruhusa ya kula mikromita hizo zote.

Pia kuna kazi ambayo hakuna mashine inayomfanyia mtu: kukausha mate, kuzuia damu, kusukuma ufizi kwa uzi ili ukingo uonekane. Kamera haioni kilichofunikwa. (Hata taa ya kiti ikiachwa imemulika kinywani, inaweza kuivuruga.) Haya yafundishwe kabla, kwa alijineti na silikoni (nayo ni ya kuchukulia umbo la meno), na yatahiniwe kwa ukali uleule.

Gharama ya kupima si kisingizio kikubwa. Kielelezo kimoja kilichopimwa vizuri hutumiwa na darasa baada ya darasa, na programu za kulinganisha maumbo kama CloudCompare hazilipiwi. Kilichobaki ni wakufunzi kukubali kuiandika namba ya kosa la skana ya mwanafunzi kwenye orodha ya alama, kando ya alama za kuchonga na za kumimina plasta, na kumrudisha maabarani yule ambaye namba yake haijatulia.