Mwalimu wa sauti wa shule ya mtaa: awe wa sikio au wa noti?

Shule ya muziki ya jamii yenye fungu la kumlipa mwalimu mmoja tu wa sauti hupata waombaji wa namna mbili. Wa kwanza ametoka kwenye klabu ya taarab. Ana nyimbo nyingi kichwani, anaimba kila wiki, na hajui kusoma noti hata moja. Wa pili ametoka kwaya ya kanisa, kisha akapitia chuo chenye mafunzo ya muziki, Bagamoyo au Makumira. Anasoma solfa (do, re, mi) na noti za mistari mitano, anapiga kinanda, na anajua kuitenga sauti nzito ya kifua na nyembamba ya kichwa. Kila mmoja ana watetezi wake, na kila upande humwona mwenzake anawaharibu watoto.

Zanzibar ndiko ubishi huu ulikokolea, kwa sababu muziki wenyewe haukuzaliwa darasani. Klabu ya taarab ya Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kikafunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002. Kwa karibu karne nzima kati ya hayo mawili, mwimbaji alijifunza kwa kukaa karibu na wanaojua.

Wenye kutetea sikio wana ushahidi mzito. Siti binti Saad wa Fumba hakupita shule yoyote, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri zilizoitangaza taarab ya Kiswahili mwambao mzima. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliokota nyimbo kwa kumsikiliza Siti, na alipanda jukwaani hadi uzeeni. Kwamba sikio linatosha kumtoa mwimbaji mkubwa si jambo la kubishania.

Lakini hoja hiyo ina tundu. Tunawataja waliofika. Wale waliokauka koo wakiwa na miaka 25 wakaacha kuimba hawana santuri, na hakuna anayewatolea mfano. Klabu inaweza kungoja kipaji kimoja katika mia. Shule ya mtaa hupokea kila anayelipa ada, na inawajibika kwa koo za wote.

Nguvu halisi ya mwalimu wa sikio iko kwenye maqam, yaani ngazi za sauti zenye asili ya Kiarabu ambazo taarab huimbwa kwazo. Wataalamu huigawa oktava (umbali wa kutoka do hadi do inayofuata) vipande 1,200 viitwavyo senti, na kinanda kina vituo kila baada ya senti 100 tu. Katika maqam ya Rasti, sauti ya tatu hukaa karibu na senti 350 kutoka sauti ya msingi. Kinanda kina 300 na kina 400. Katikati hapo hakuna kitu. Katika Bayati, sauti ya pili hukaa karibu na 150, nayo pia haipo. Udi na fidla havina vizuizi vya vidole kwenye shingo, kwa hiyo kidole hujitafutia mahali pake, na kanuni, ala ya nyuzi nyingi, ina vijikono vya kuupandisha na kuushusha uzi. Mwimbaji hana kifaa isipokuwa kumbukumbu ya sikio.

Sasa fikiria mwanafunzi anayepashwa sauti kila siku kwa do-re-mi za kinanda. Baada ya miezi michache ile sauti ya tatu ya Rasti imeshapanda hadi 400 bila yeye kujua. Akiimba na kinanda kila kitu kinakwenda sawa. Siku anayosimama mbele ya fidla nne na kanuni, anasikika yuko juu kidogo ya wenzake, na mpiga fidla anamtupia jicho. Kumrekebisha huchukua muda mrefu kuliko ambavyo angefundishwa vizuri tangu mwanzo, maana sasa inabidi asahau kwanza. Kuna vinanda vya umeme vinavyoweza kushushwa robo toni (senti 50) kwa kila noti, na taarab ya kisasa huvitumia, ila shule nyingi hupewa msaada wa vinanda vya kawaida, na mwalimu wa kwaya mara nyingi hajui hata pa kubonyeza.

Si maqam zote zenye taabu hii. Nahawandi na Hijazi zinakaa vizuri kwenye kinanda kwa kiasi cha kufundishia. Mwalimu wa noti anayeanza na nyimbo za maqam hizo hafanyi kosa, mradi asiishie hapo.

Upande wa mwalimu wa sikio, matatizo huanza anaposema “nifuate”. Nyuzi za sauti za mwanamume mzima hutikisika karibu mara 110 kwa sekunde akizungumza, za mwanamke karibu mara 200. Mwalimu wa kiume akitoa wimbo kwenye ufunguo wake (kimo cha sauti kinachomfaa yeye), binti wa miaka 13 ana njia mbili: ashuke hadi sauti imfie, au apande oktava nzima alazimishe kifua mahali pasipostahili. Wengi huchagua ya pili kwa sababu ndiyo inayosikika. Dalili zinajulikana: mshipa wa shingo unatutumka, kidevu kinakwenda mbele, sauti inakwaruza baada ya nyimbo mbili. Mwalimu asiyejua kinachotokea kooni atamwambia “toa sauti”, yaani aongeze lile lile linalomuumiza. Matokeo ya kuendelea hivyo ni vinundu kwenye nyuzi za sauti. Mwanafunzi ambaye ukwaruzo haujamtoka wiki mbili au tatu baada ya mafua kwisha apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Tangawizi na asali hulainisha koo, hazigusi kinundu.

Hapa ndipo mwalimu wa noti anapoula mshahara wake. Kuhamisha wimbo kutoka Re kwenda Sol kwake ni kazi ya dakika moja. Ana mazoezi yasiyotaka fedha: mwanafunzi achukue mrija wa soda, auzamishe sentimita 2 hadi 4 kwenye glasi ya maji, kisha atoe sauti ya “u” kupitia mrija, akipanda na kushuka polepole kwa dakika tatu hadi tano. Povu likitoka sawasawa, pumzi iko sawa. Likikatikakatika au kurukia nje ya glasi, anasukuma. Maji na mrija huirudishia koo mgandamizo kidogo kutoka juu, na nyuzi hugusana bila kupigana. Vivyo hivyo kutetemesha midomo. Mabega yakipanda wakati wa kuvuta pumzi, mwambie aweke viganja kwenye mbavu za chini azisukume nje. Hilo humsaidia haraka kuliko somo refu juu ya kiwambo, msuli wa pumzi ulio chini ya mapafu.

Hata hivyo, mwalimu huyu naye ana mazoea ya kwaya ambayo taarab haiyataki. Huwapandisha wasichana wote kwenye sauti ya kichwa kwa kuwa ndiko soprano wanakoimba. Taarab ya wanawake huimbwa chini, karibu na sauti ya kuzungumza, ili neno lifike. Mafumbo yasiposikika, wimbo wa taarab umebaki nini?

Na neno lenyewe lina hesabu yake. Tuchukue mstari wa kufanyia zoezi: “Mtu wangu wa moyoni, usiniache njiani.” Ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mstari, una mizani (silabi) nane; utao, nusu ya pili, una mizani nane. Ile “m” ya “mtu” ni mizani kamili, inaimbwa midomo imefungwa na inapewa muda wake. Mwanafunzi anayeimeza anabaki na mizani saba, na wimbo mzima unasogea. Mgeni huongeza irabu, “umtu”, anapata tisa. Pumzi inavutwa kwenye koma, baada ya kina cha “-ni”. Aliyeishiwa pumzi huvuta kati ya “usini-” na “-ache”, na msikilizaji anabaki na nusu ya neno mkononi. Mwalimu wa klabu hulikamata kosa hilo papo hapo, maana anausikia ushairi. Mwalimu wa noti, ikiwa amezoea tenzi za kanisa za kutafsiriwa zilizolazimishwa kwenye tuni za Ulaya, ameshazoea mkazo kuangukia popote. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kulivuta neno “njiani” kwa sekunde sita kwenye “-ni” si kosa, ndiyo ladha yenyewe, lakini “-a-” isikike ina uzito kabla sauti haijaanza kupinda.

Wanafunzi wenyewe huingia na mizigo tofauti. Aliyekulia madrasa akisoma kasida na maulidi anakuja na pumzi ndefu na sikio lililozoea Bayati, hata kama jina lake hajawahi kulisikia. (Wapo wazazi wasiopenda kusoma Kurani kutajwe darasa moja na muziki, na mwalimu mwenye busara hatalitaja, atazungumzia kasida.) Aliyetoka kwaya anajua kushika sauti yake wakati mwingine anaimba nyingine, na anasoma solfa, ila akikutana na sauti ya katikati husema fidla imelegea. Wote wawili wakiwa chumba kimoja, mbinu moja itamchosha mmoja wao.

Fedha nazo zinaamua mengi. Mwalimu wa saa sita kwa siku akifundisha mmoja mmoja nusu saa, anahudumia watu 12. Kwa vikundi vya wanane kwa saa moja, anahudumia 48. Shule ya mtaa haina namna ya kukwepa vikundi, na katika kikundi, uitikiaji wa mwalimu wa sikio hufanya kazi vizuri kuliko masomo ya noti, ambayo mwanafunzi mmoja aliyeachwa nyuma huwasimamisha wote.

Kwa kupima hayo yote, uzani unaangukia upande wa sikio kwa mwaka wa kwanza, kwa sharti kwamba koo lisiachwe kwa mwalimu asiyelijua. Saa moja ya kikundi inaweza kwenda hivi: dakika 10 za mrija na midomo; dakika 10 za kushika sauti moja ya msingi inayotolewa na udi, bila kinanda, na kupanda maqam juu yake; dakika 30 za wimbo; dakika 10 za kila mtu peke yake, dakika moja hivi kila mmoja. Wimbo utolewe kipande kwa kipande: mwalimu ukwapi, darasa ukwapi, mara tatu, kisha utao, kisha vyote pamoja. Maneno yasiandikwe ubaoni hadi tuni imeingia, kwa sababu jicho likishapata karatasi, sikio hulala. Noti zije mwanafunzi akishakuwa na nyimbo tano au sita kichwani, na aanze kwa kuandika anazozijua.

Msimamo huu una gharama, na wenye kutetea noti wana haki ya kuitaja. Mwimbaji asiyesoma hatapata kazi ya kufundisha muziki shuleni, na bendi ya hoteli itamuuliza anaimba ufunguo gani. Pia mwalimu wa sikio akihama au akifariki, nyimbo zake huondoka naye. Hilo la mwisho lina dawa rahisi: kila wimbo urekodiwe kwa simu, sauti ya mwalimu peke yake, ukwapi na utao, pamoja na jina la maqam, ufunguo, na jina la mtunzi wa maneno. Kurekodi Rasti kwa simu kunahifadhi senti zile 350, ambazo noti za mistari mitano huziandika kwa alama ya robo toni na kumwachia msomaji akisie.

Kama fedha ni za mtu mmoja tu, usaili usianze na vyeti. Mpe mwombaji wa klabu binti wa sauti ya juu na kijana ambaye sauti ndiyo kwanza inavunjika, umwambie awafundishe ubeti mmoja kwa robo saa. Tazama kama atabadilisha ufunguo mwenyewe. Mwombaji wa noti naye mpe udi, na ukwapi mmoja wa Bayati wa kuurudia bila kinanda. Atakayeomba kuusikia mara ya pili aongezewe alama.