Mi huwa naanza na komenti, video baadae

Hivi ukikutana na klipu inayotrendi ina komenti elfu tatu, wewe unaanza na nini? Mi nashukaga chini moja kwa moja. Video naiangalia baadae, na siku ambayo bando linasuasua hata siigusi, nashiba huko huko chini. Na wala sipo peke yangu, maana kila uzi lazima ukute mtu kaandika "nimekuja kusoma komenti tu" na watu kibao wamempa like, yani tupo chama kizima.

Ndo maana wanaosema vichekesho vya mtandaoni vinatengenezwa na hawa wenye kamera kubwa na taa za kuzunguka huwa nawashangaa. Huku kwetu kinachochekesha sanasana sio kilichopostiwa, ni watu waliokidaka. Mtu anaweka kitu cha kawaida kabisa, hana hata wazo la kuchekesha, wadau wanakipokea wanaondoka nacho mpaka mwenyewe akija kukiona hakitambui.

Chukua ile ya Githeri Man. Tarehe 8 Agosti 2017, Kenya wanapiga kura, uchaguzi wenye presha kweli kweli, watu wamejipanga foleni toka usiku, sasa katikati ya foleni moja Nairobi kuna jamaa katulia zake anakula githeri kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Basi, picha yenyewe ndo hiyo, hamna kingine. Githeri kwa asiyejua ni mahindi na maharage, sie huku tunaita makande, chakula ambacho ukikila hakuna mtu anageuka kukutazama. Lakini Wakenya wakamuona! Wakamkata kwenye picha yake wakaanza kumtembeza dunia nzima, leo yupo na marais, kesho yupo kwenye jalada la gazeti, keshokutwa yupo sehemu ambayo hata visa ya kwenda hana, na mkono hautoki kwenye mfuko. Makampuni yakamletea zawadi, na Desemba ya mwaka huo huo Rais Uhuru Kenyatta akamtunuku nishani. Wapo walionuna, eti nishani ya taifa kwa kula tu makande? Mi naona alistahili, nchi imeshika roho mkononi alafu anatokea mtu mmoja anawapa watu wa makabila yote kitu kimoja cha kucheka, sa mlitaka afanye nini zaidi.

Alafu kuna kitu watu wengi hawakikumbuki. Tarehe 28 Agosti, wiki tatu hazijaisha, Kenya ikapiga marufuku mifuko ya plastiki. Mahakama ya Juu ikaja kufuta matokeo ya urais, uchaguzi ukarudiwa 26 Oktoba, na hapo jamaa angerudi foleni na mfuko wake ule ule ingekuwa kesi. Yani picha ile ilikuwa na tarehe ya mwisho na hakuna aliyeiona.

Na sisi Wabongo tusijifanye watazamaji. Novemba 2015 Magufuli ndo kaapishwa, hata mwezi haujaisha kashafuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba akasema siku hiyo watu wafanye usafi, safari za nje kakata, kila siku kuna tangazo jipya la kubana matumizi. Twitter ikalipuka na ile hashtag ya kuuliza "Magufuli angefanyaje?" Mtu anasema alikuwa anaenda kununua jiko, akajiuliza Magufuli angefanyaje, picha unaona kageuza pasi ya umeme juu chini kaweka sufuria. Kila mtu analeta ubahili wake, Wakenya nao wameingia, wengine wanatania kabisa kwamba wanataka kumuazima rais. Mpaka leo ukiuliza ipi ilikuwa kali kuliko zote kila mtu atakutajia ya kwake. Ule ulikuwa utani wa umma, haukuwa na mwenyewe, na ndo raha yake hiyo.

Najua kuna mtu atasema mbona zipo picha zinazojitosheleza zenyewe. Zipo, sikatai. Ile ya hifadhi ya Virunga kule Kivu, Kongo, Aprili 2019, askari wa hifadhi kapiga selfie na nyuma yake wamesimama magorila wawili, Ndakasi na Ndeze, wima kwa miguu miwili, mmoja kachomoza mbele kama anahakikisha yumo kwenye fremu, mwingine katulia tumbo mbele utasema baba mdogo kwenye send-off anasubiri mpiga picha amalize apelekwe kwenye msosi. Watu walibisha kwamba imeeditiwa, hifadhi yenyewe ikabidi ijitokeze iseme ni ya kweli. Wale walikuwa yatima wa mwaka 2007, walilelewa na watu tangu wachanga, kwahiyo kusimama kama walezi wao kwao ni kawaida tu. Ndakasi alikufa Septemba 2021 na watu waliomlilia mtandaoni walikuwa wengi mno, wakati kilichowakutanisha nae ni kicheko tu. Hiyo nakubali, picha ilijibeba. Ila picha za hivyo ngapi kwa mwaka?

Kwingine kote ni majibu. Hata grupu la familia, ambalo nusu ya mwaka ni maua waridi ya "asubuhi njema" na dua za kuforwadi. WhatsApp walipunguza kuforwadi mpaka chati tano kwa mara moja mwaka 2019, Aprili 2020 wakabana tena zile zilizozunguka sana ziende chati moja moja, na shangazi yangu bado anazifikisha zote, sijui anatoa wapi nguvu. Juzi kati kaleta klipu ndefu ya jamaa anaeleza dunia inaisha mwezi huu. Kimya. Watu wameona, hakuna anayejibu. Baadae sana anaibuka mjomba, mtu ambaye haandikagi kitu: "Kwahiyo michango ya harusi tusitishe?" Mbavu sina mpaka sasa. Klipu yenyewe sijaifungua.

Sasa linganisha hiyo na hawa wa prank za kupanga. Maandishi makubwa "SUBIRI MWISHO UTASHANGAA", unasubiri dakika tatu, mwisho wenyewe mtu kamwagiwa maji na anayejifanya kashtuka alikuwa anacheka kabla ndoo haijafika. Na wengine wanaenda kumsumbua mama wa watu anauza zake mihogo, wanamwagia biashara alafu wanamwambia angalia kamera ile pale mama, cheka. Acheke nini? Hapo ndo utaona komenti zinavyowageukia, watu hawana dogo, na mi nawaunga mkono.

Wakishachambwa wanafunga komenti, video zinaendelea kupanda kama kawaida. Mi nikishakuta zimefungwa sina cha kufanya pale, naanfolo.