Dude la Gangilonga Lilivaa Khanga

Tiara ni fito mbili tu. Uti wa mgongo wa yangu ulikuwa mita 1.5, mabawa mita 2.4, zote za mwanzi, huu huu tunaogema ulanzi hapa Iringa. Mwanzi unaupasua kwanza. Mzima ni mzito na haupindi. Juu nikawamba nailoni nyeusi, kichwani nikafunga taa mbili nyekundu za nyuma ya baiskeli. Urembo tu, jamani.

Jaribio la kwanza likazunguka kama mlevi, likapiga kichwa chini. Kosa: mkia mfupi. Mkia uwe mara tano ya urefu wa tiara au zaidi, la sivyo kichwa kinaushinda. Matambara sikuwa nayo. Khanga ya mke wangu ilikuwepo, nayo doti ina vipande viwili! Kimoja nikakichana mapande matano kwa urefu, nikayaunga.

Jioni ya Julai, kutoka jiwe la Gangilonga, ikapaa vizuri mno. Mshipi wa kuishikia ulikuwa na fundo, na mshipi hukatikia palipo dhaifu, yaani penye fundo. Pu! Ikaelekea majumbani, nailoni isiyokazwa ikipiga kelele ukingoni.

Nilipofika chini wananzengo wamejaa barabarani. Mzee mmoja alikwisha pima mabawa: mita ishirini. Simlaumu. Gizani angani hakuna mti wala nyumba ya kulinganishia. Ukidhani kitu kiko mbali, lazima ukione kikubwa.

"Popobawa huyo!" akalia mama mmoja.

Kijana mwenye simu akakataa. Popobawa wa 1995 alisumbua Pemba na Unguja. Macho mekundu ni ya lile dude la Point Pleasant, Marekani, mwaka 1966. "Na mwaka uliofuata daraja lao likaanguka!"

Watu wakaanza kupigia ndugu zao wa Ipogolo, wasivuke daraja.

Mimi? Nikaongeza kuwa nimeliona likipepesa.

Likakutwa limenasa kwenye mkaratusi. Mtu akavuta mkia, pande la mwisho likashuka mbele ya taa ya bodaboda, likasomeka: WASEMAO NA WASEME.

Kimya. Mke wangu naye alikuwa amefika, amejitanda khanga juu ya sweta kwa baridi. Mzee akasoma ya mtini, akasoma ya mgongoni kwake, akanitazama mimi.

"Baba watoto," mke wangu akasema polepole, "si uliniambia imeibwa kambani?"